Shajara ya mikanda ya anga, Tanga

Januari 2025, siku za giza, mwezi haupo usiku

Tumeshakubaliana kazi yenyewe ni nini, kwa hiyo naanza kuandika. Tunatengeneza kijitabu cha nyota kwa Kiswahili, kwa ajili ya mtu aliyesimama Tanga: mwanafunzi, mvuvi, mlinzi wa usiku, mama aliyetoka uani kupunga upepo. Kitolewe kwa mashine zilizopo dukani kwangu, kisiharibiwe na umande, na bei yake isimtishe mtu. Tupo wanne: mimi mwenye steshenari huku Ngamiani, Mwalimu aliyestaafu kufundisha jiografia, binti yangu wa kidato cha tatu, na Mzee wetu aliyekuwa nahodha wa jahazi. Huyu wa mwisho amekubali kwa sharti moja, kwamba hatashika kalamu. Kazi yake ni kukosoa.

Vitabu tulivyo navyo ni vinne. Shemeji alivileta kutoka Uingereza, vyote mtumba, kimoja bado kina muhuri wa maktaba. Tumekuwa tukivitoa uani usiku tuone kipi kinasomeka kwa tochi na kipi ni cha mezani tu.

Kinachosifiwa kuliko vyote ni *Turn Left at Orion* cha Guy Consolmagno na Dan Davis, kilichotoka kwa mara ya kwanza 1989. Kinastahili sifa zake. Kila kitu cha kutazama kimeelezewa njia ya kukifikia: anza na nyota hii unayoijua, sogea hadi pale, ukiona nyota tatu zimepangana umekaribia. Kisha kinakuchorea kile utakachokiona kwenye darubini ndogo, nacho mara nyingi ni kiwingu cha kijivu. Vitabu vingi hubandika picha za rangi za Hubble, ile darubini ya angani, mtu akichungulia darubini yake anadhani imeharibika. Hiki hakidanganyi. Mwalimu alifurahi zaidi kusoma kwamba Consolmagno aliwahi kufundisha Kenya kwa kujitolea, 1983 hadi 1985, miaka mingi kabla ya kuwa mkurugenzi wa kituo cha anga cha Vatikani. "Huyu jirani," akasema, na tangu hapo anamwita hivyo.

Lakini jina la kitabu la jirani yetu ndilo lililotukwamisha. Linakwambia ukifika Orion, pinda kushoto. Kwa mtu wa Boston au London hakuna utata: Orion, yaani Jabari, anamkuta upande wa kusini, anamtazama uso kwa uso, kushoto kwake ni mashariki. Sisi mwisho wa Januari, saa tatu usiku, Jabari yuko utosini. Mkanda wake unapita digrii nne tu kutoka juu kabisa ya kichwa. Ukimtazama huku umeelekea Pangani, yaani kusini, kushoto ni Pemba, mashariki. Ukigeuka ukaelekea Horohoro, kaskazini, kushoto ni Muheza, magharibi. Binti alikuwa amelala chali kwenye jamvi, kitabu kakiinua juu ya uso, akauliza, "Baba, kushoto kwa nani?"

Uamuzi wa kwanza basi: katika kijitabu chetu hakuna kushoto wala kulia. Ukingo wa juu utaandikwa Horohoro, wa chini Pangani, na pembeni Pemba na Muheza. Mtu wa Tanga hahitaji dira kujua Pangani iko wapi.

Februari

Mwalimu ametumia jioni mbili tatu kutupigia hesabu za latitudo, na nimeona niziandike hapa kwa sababu ndizo zilizobadilisha mradi.

Tanga iko digrii 5 kusini ya Ikweta. Kwa hiyo ncha ya kusini ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huizunguka, iko digrii 5 tu juu ya upeo wa macho, na ncha ya kaskazini imezama digrii 5 chini yake. Nyota ya Kaskazini inayofungua karibu kila kitabu cha wanaoanza, sisi hatuioni. Ukurasa wa kwanza unakwambia itafute, na kurasa zinazofuata zinajengwa juu yake. Mtoto wa hapa anakwama kabla hajaanza, na anajiona mjinga.

Upande wa pili wa hesabu ndio mtamu. Kwa kuwa ncha zote mbili ziko chini hivyo, karibu anga lote hupita mbele yetu katika mwaka. Suheli (Canopus), nyota ya pili kwa mng'ao baada ya Shira (Sirius), London haionekani kamwe. Hapa Februari jioni inasimama digrii 42 juu ya upande wa Pangani. Mawingu mawili ya Magellan, galaksi ndogo zilizo jirani na yetu, yanaonekana. Na upande wa Horohoro galaksi ya Andromeda hupanda hadi digrii 44 katika msimu wake. Mtu wa Ulaya anapoteza kusini, mtu wa Cape Town anapoteza kaskazini. Sisi tunakaribia kupata vyote.

Vitabu havikuandikwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. *NightWatch* cha Mkanada Terence Dickinson, cha 1983, nakipenda kwa sababu ya kazi yangu: kimebaindiwa kwa waya, kinalala wazi mezani chenyewe bila kukandamizwa kwa jiwe. Ufafanuzi wake wa vifaa vya kununua ni wa mtu aliyeona watu wengi wakiibiwa. Lakini ni kitabu cha Kanada na Marekani, ramani zake za misimu ni za huko, hata hiyo misimu ni ya huko. Sisi tukisoma "usiku wa baridi kali" tunacheka. Kile cha H. A. Rey, *The Stars*, cha 1952, yule aliyechora nyani George wa vitabu vya watoto, kimeunganisha nyota upya kwa mistari ili kundinyota la Pacha lionekane pacha kweli, na binti amekinyakua hakitoi mkononi. Ramani zake za miezi nazo ni za Marekani.

Hata orodha ya vitu vya kutazama ina ukaazi wake. Vitu 110 vya Charles Messier, ambavyo kila mwenye darubini anataka avimalize, viliorodheshwa na mtu aliyekaa Paris karne ya 18. Kilichokuwa chini ya upeo wa macho wa Paris hakimo. Ndiyo maana Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota kuliko vyote vya aina yake katika galaksi yetu, hakina namba ya Messier. Wakati huohuo Mfaransa mwenzake Lacaille alikuwa amekwenda Rasi ya Tumaini Jema, 1751 hadi 1753, akapima karibu nyota elfu kumi za kusini na kubuni makundinyota 14. Alichokiona ni vyombo vya kazi: darubini, hadubini, saa, pampu ya hewa. Mzee akasikiliza orodha hiyo yote kisha akauliza kama hakuna aliyempelekea fundi huyo hata samaki mmoja.

Kitabu cha nne nilikuwa nimekiweka chini kabisa kwa uzee wake. Ni atlasi ya Norton, iliyotoka 1910, kazi ya mwalimu wa shule wa Kiingereza. Haina maelezo mengi, ni ramani na majedwali. Ila Norton hakukata anga kwa miduara ya misimu. Amelikata kwa vipande virefu, vipana katikati na vyembamba kwenye ncha, kutoka digrii 60 kaskazini hadi digrii 60 kusini, halafu ncha mbili akazichora peke yake.

Mwalimu alikishika kipande kimoja juu ya kichwa chake, ncha moja Horohoro nyingine Pangani, akanyamaza. Kwa mtu wa Ulaya kipande kile lazima kipinde: sehemu ya chini imezama, ncha ya juu inapita utosini na kuangukia nyuma yake. Kwa mtu wa Tanga kinakaa vilevile kilivyochorwa, katikati yake utosini, ncha zake mbili zikiinama sawasawa pande mbili. Nyota zinapanda kutoka Pemba, zinavuka ule mkanda, zinashuka Muheza. Kitabu cha zamani kuliko vyote ndicho kinachotufaa, na sidhani mwandishi wake alimfikiria mtu wa Ikweta hata kidogo.

Uamuzi wa pili: mikanda. Mikanda 12, mmoja kwa kila mwezi, wa kutazamwa saa tatu usiku.

Machi, Ramadhani

Kazi imekwenda polepole, na ni sawa. Jioni ya mwezi kuonekana, Zuhura ilikuwa inawaka karibu nao upande wa Horohoro, na watu waliosimama ufukweni Raskazone walikuwa wanauliza kama ni ndege. Tuliwapa darubini ya macho mawili, ile ya 10x50, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake zina kipenyo cha milimita 50. Wengi walishangaa kuona Zuhura nayo ni hilali. Ilikuwa inakaribia kupita kati yetu na Jua, upande wake uliomulikwa ukatugeuzia kisogo.

Nimeandika pembeni: katika vitabu vyote vinne hilali imesimama wima au imeinamia upande. Huku mwezi mwandamo hulala chali. Mchoro wetu utalala.

Aprili, masika

Mvua. Tumehamia ndani na Excel.

Hesabu ya mkanda ni hii. Karatasi ya A3 ikikatwa katikati kwa urefu inatoa vipande viwili vya milimita 420 kwa 148. Tukiipa kila digrii ya anga milimita 3, tunaweza kutoka digrii 62 kaskazini hadi digrii 75 kusini, jumla milimita 411. Kaskazini tulitaka 62 kwa sababu Dubhe, nyota ya ukingoni ya Dubu Mkubwa, iko karibu hapo, na kumkata Dubu sikio si adabu. Kusini tulitaka 75 ili Mawingu ya Magellan yaingie. Mashine yangu hula milimita nne tano kila ukingo. Dubhe imeponea chupuchupu, jina lake limebidi liandikwe ndani.

Upana ndio ulimpa Mwalimu nafasi ya kufundisha tena. Anga, kama tufe la dunia, mistari yake husongamana kuelekea ncha. Ukichora mstatili wa kawaida, nyota za kusini zinatawanyika, Msalaba wa Kusini unakuwa mpana hauna sura. Dawa yake ni kuzidisha umbali wa nyota kutoka mstari wa katikati kwa kosaini ya digrii zake za kaskazini au kusini. Binti alifanya Alpha Centauri kwenye mkanda wa Mei: iko digrii 38 hivi mashariki ya mstari wa katikati, lakini ni digrii 61 kusini, kosaini yake ni karibu nusu, kwa hiyo 38 zikawa 18 na kidogo, mara milimita 3, nyota ikakaa milimita 55 kutoka katikati, upande wa Pemba. Alisema hakuwahi kujua kosaini ina kazi yoyote nje ya mtihani. Nyota tumechukua hadi ukubwa wa 4.5 (namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi), kama mia tisa kwa anga zima. Zaidi ya hapo karatasi inajaa vumbi.

Kuna dakika 24 ambazo vitabu huziacha kwa msomaji azitafute mwenyewe. Saa zetu zinafuata mstari wa digrii 45 mashariki, na Tanga iko digrii 39. Digrii 6, kila moja dakika 4. Saa sita mchana ya ukutani, Jua la Tanga bado halijafika juu. Kwenye mkanda hiyo ni kasoro ya digrii 6, milimita 18, kwa hiyo tumeiingiza ndani ya hesabu na msomaji hataisikia kamwe.

Halafu wino. Programu ya Stellarium, ambayo ni ya bure na ndiyo tunayolinganishia, inaonyesha anga jeusi lenye nyota nyeupe. Inapendeza kwenye skrini. Ukiitoa kwenye printa kama ilivyo, unakausha tona ya watu kwa kurasa chache. Nyota nyeusi kwenye karatasi nyeupe, basi, na hata atlasi za wataalamu hufanya hivyo. Mistari ya makundinyota nilitaka iwe nyekundu, nikatoa sampuli nzuri sana. Mwalimu akazima taa, akawasha tochi iliyofungwa nailoni nyekundu, ile tunayotumia ili macho yasipoteze mazoea ya giza maana yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuyapata. Mistari yote ikatoweka. Wino mwekundu chini ya taa nyekundu ni karatasi tupu. Sasa mistari ni ya kijivu.

Mei

Bado mvua. Kuvu imeanza kwenye lenzi moja ya 10x50, nyuzinyuzi kama za buibui ukiielekeza kwenye mwanga. Chumvi na unyevu wa huku havina huruma. Sasa darubini inalala kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Wenye maduka ya viatu barabara ya jirani wananiwekea. Hili nimeliandikia nusu ukurasa katika kijitabu, kwa sababu hakuna kitabu kati ya vile vinne kinachomtahadharisha mtu wa pwani ya joto inavyotakiwa. Vinaonya juu ya baridi ya vidole.

Juni, siku za giza

Jaribio la kwanza la kweli, Mwambani. Raskazone kuna taa za hoteli na bandari, na kaskazini Chongoleani kuna mwanga wa ujenzi, kwa hiyo tulishuka kusini.

Juni ina faida ambayo mtu haioni mpaka apige hesabu. Mkanda wa Mei ulitakiwa utazamwe Mei, lakini Mei ni masika. Kila mwezi ukipita, anga lilelile linawahi kwa muda wa saa mbili. Kwa hiyo lililokuwa juu saa tatu usiku mwisho wa Mei liko juu saa moja na kidogo mwisho wa Juni, giza linapoingia tu, na masika yamekwisha. Huku kwetu giza haliingii kwa kubembelezana. Tuliswali magharibi, tukatandika jamvi, na kabla ya chai kumwagwa vikombeni nyota kubwa zilikuwa zimetoka.

Mkanda ulikaa. Sijui niandikeje zaidi ya hapo. Binti aliushika juu, Horohoro na Pangani zikaelekea panapostahili, na kila alichosoma alikikuta. Upande wa kusini Msalaba umesimama wima, digrii 35 juu ya upeo, ngumi tatu na nusu za mkono ulionyooshwa, maana ngumi moja ni kama digrii 10. Aligeuka nyuma na Dubu Mkubwa, nyota zake saba zote, amening'inia juu ya upande wa Horohoro, kichwa chini miguu juu. Wote wawili kwa wakati mmoja, kwenye karatasi moja. Hakuna hata kitabu kimoja kati ya vile vinne chenye ukurasa wenye Msalaba na Dubu pamoja, isipokuwa kile kipande cha Norton, nacho kimemkata Msalaba miguu kwenye digrii 60.

Kisha Omega Centauri. Tuliandika maelekezo kwa mtindo wa yule jirani, bila kushoto wala kulia: toka kwenye Msalaba, panda kuelekea utosini huku ukisogea kiasi upande wa Pemba, ngumi moja na nusu hivi. Kwa macho matupu ni nyota isiyotulia vizuri. Kwa 10x50 ni unga uliomwagika kwenye kaniki, umekolea katikati, umefifia ukingoni. Mwanaanga Mwingereza Halley aliona mwaka 1677 akiwa kisiwa cha St Helena kwamba ile si nyota moja. Ni takribani milioni kumi, umbali wa kama miaka ya nuru elfu 17. Mwalimu alikaa nayo muda mrefu, akagoma kupokezana.

Mzee alikuja na wajukuu. Wajukuu wakamwamkia Mwalimu, "Shikamoo babu," wakapita moja kwa moja kwenye vitumbua. Yeye alichukua mkanda, akauzungusha, akaukagua chini ya tochi nyekundu, akaurudisha. "Kilimia, kile kishada cha nyota cha wakulima, kiko wapi?" Nikamwambia kimo kwenye mkanda wa Januari, sasa kinatoka alfajiri. Akasema hiyo ndiyo habari mtu anayoitaka: kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kimezama na masika, kimerudi alfajiri hizi na kiangazi, na nyie mmemwekea mtu Januari tu. Nikaandika. Pambizo ya kila mkanda sasa itakuwa na mstari mmoja wa alfajiri: nini kinachomoza kabla ya Jua mwezi huo.

Hapo Mwalimu akamtajia Ahmad ibn Majid, baharia wa karne ya 15, aliyetunga maelekezo ya safari za Bahari ya Hindi kwa mashairi, moja likiitwa Sufaliyya, la njia ya mwambao huu hadi Sofala, Msumbiji. Walipima kimo cha nyota kwa vidole, kidole kimoja kikiwa digrii moja na nusu na kidogo. Mzee hakushangaa hata chembe, alishangaa tu kwamba tunaona ni habari. Mimi nilichokichukua ni hiki: kitabu cha mwongozo kilichotungwa kwa shairi ili kikae kichwani hakihitaji tochi wala laminesheni. Biashara yangu isingekuwepo.

Ilipofika saa tatu tukaanza kupoteza upeo wa mashariki. Siku za giza ni zetu na ni za dagaa. Mashua zilikuwa zimetoka na taa zao, ukingo wote wa Pemba ukawaka. Hatuna la kulalamika, wao walikuwepo kwanza na wanalisha mji. Tumeongeza ushauri kwenye utangulizi: ukiwa ufukweni siku za giza, anza na mashariki mapema kabla taa hazijawashwa, kisha hamia utosini na magharibi. Nyota zilizo juu hazidhuriki sana.

Agosti

Mteja mmoja alisikia habari, akaja kuomba nimtolee kopi *Turn Left at Orion* kizima. Wa pili akataka ramani za Dickinson tu. Nimekataa wote, na nimeandika karatasi ukutani. Kuna wanaoona naringa. Mtu amekaa miaka akichora kile alichokiona kwenye lenzi, mimi niuze kwa bei ya kurasa? Nyota hazina hakimiliki, michoro ya mtu inayo. Yetu tumeikokotoa wenyewe, na ukurasa wa mwisho utavitaja vitabu vile kwa majina ili mwenye uwezo akavinunue. Nikiulizwa cha kuanzia ni kipi, nasema cha jirani, ila atafute toleo la karibuni. Tangu lile la 2011 kimeongezewa anga la kusini, na nacho kimebaindiwa kwa waya.

Septemba

Jumapili ya tarehe 7 mwezi ulipatwa wote, na kwa mara moja ratiba ya mbinguni ilitufaa watu wa huku: giza lilianza kuumega saa 1:27 usiku, ukafunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52. Watoto walikuwa macho, msikitini waliswali swala ya kupatwa, na uani kwetu kulijaa majirani.

Sisi tulikuwa na shughuli yetu ya pembeni. Usiku wa mwezi mpevu kwa kawaida huwezi kujaribu ramani, mwanga unameza nyota ndogo. Lakini mwezi ulipokuwa mwekundu wa kutu, ule mwanga wa Jua uliopenya kwenye hewa ya dunia na kupindishwa, anga lilirudi kuwa jeusi na mkanda wa Septemba ukafanya kazi kwa zaidi ya saa nzima. Nyota ya Albireo ilikuwa imefika katikati, upande wa Horohoro. Kwa darubini ya Mwalimu ya milimita 114 ni nyota mbili, moja ya rangi ya chungwa, nyingine buluu. Ndiyo nyota ambayo Davis alimwonyesha Consolmagno kwa darubini ndogo na kumfanya atake kitabu ambacho hakikuwepo. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya mwezi wenyewe.

Aibu ilikuwa Zohali. Ilikuwa karibu na mwezi, watoto wamekwishaona picha yake kwenye kila kitabu, pete pana zimeinama. Akachungulia wa kwanza: "Pete iko wapi?" Wa pili: "Mbona kama imechomwa sindano?" Mwaka huu pete zimetugeuzia ukingo. Machi zilikuwa ubavu kabisa, na sasa zinaonekana kama mstari mwembamba unaopita katikati. Hutokea kila baada ya miaka 15 hivi. Vitabu vinalieleza jambo hilo, ila picha ya jalada ndiyo watu huiamini. Katika kijitabu chetu Zohali itachorwa mara tatu: pete wazi, pete nusu, pete mstari, na mwaka chini ya kila mchoro.

Novemba, vuli

Nakala za majaribio zimetoka: mikanda 12, laminesheni pande zote mbili, spairo upande mfupi ili ukiufungua unaning'inia wenyewe. Laminesheni ya kung'aa imekataliwa, tochi inapiga inarudi machoni. Ya kufifia ni ghali kidogo lakini haina mjadala. Nakala moja imelala nje usiku wa mvua, imefutwa kwa kitambaa asubuhi, haina tatizo. Nyingine iko kwa mlinzi wa ghala ambaye ana usiku wa kutosha wa kuitafuta makosa, na ameshaleta orodha: herufi za majina ni ndogo kwa mtu aliyevuka miaka 50. Tunazikuza.

Mikanda iliyothibitishwa kwa macho ni mingi, ule ambao bado kabisa ni wa Aprili, kwa sababu Aprili hatukuona hata nyota. Anga la Aprili la saa tatu usiku ni lilelile la Januari saa tisa usiku, wakati wa kaskazi, mawingu machache. Mwezi utakuwa mpya tarehe 18 au 19 Januari. Mwalimu amesema saa tisa usiku ataota tu kwamba amekuja. Mzee kasema tumpitie nyumbani, saa hizo yeye huwa ameshaamka, na tusisahau chai.